Mkono wa Juu

Shemeji yangu ni fundi magari, na miaka yote ya ujana wake hakuwahi kufunga gari bila kubakisha kitu. Kazi ikiisha, mwenye gari ameshatia ufunguo na injini imeshanguruma, pale chini kwenye gunia huwa imebaki nati, au kipande cha bati, au springi ambayo hakuna ajuaye ilitoka wapi. Mwenye gari akishtuka, shemeji alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, kisha anamuuliza, "Si inatembea?" Na kweli ilikuwa inatembea. Ndipo mtaa mzima ukampa jina hilo, Si-Inatembea, na wapo watoto waliokua wakidhani ndilo alilopewa na mama yake.

Hakuwa mzembe, watu walimwonea. Alikuwa na imani yake. Aliamini kwamba wanaotengeneza magari viwandani ni waoga, wanatia bolti nne mahali pa mbili ili walale usingizi.

"Shemeji, nusu ya gari ni woga mtupu," aliniambia siku moja.

Mimi ni fundi cherehani. Nikamwambia siku nitakapomshonea suruali nitafuata imani hiyohiyo, nitashona mbele tu, nyuma nitaacha wazi, kwani si itatembea? Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Ndivyo tulivyoishi, mimi na yeye, kutaniana tangu siku alipokuja kumposa dada yangu akiwa na shati jeupe lenye alama ya kidole cha grisi kwenye kola. Wazee wetu waliitazama ile kola muda wote wa mazungumzo. Dada peke yake ndiye aliyekuwa anatazama uso.

Gereji yake ilikuwa uwanja mwembamba kati ya ukuta wa ghala na kibanda cha mchomeleaji. Huyo mchomeleaji tulimwita Miwani, maana ile miwani myeusi ya kazi hakuivua hata akinywa chai. Mzee mkavu, maneno yake machache, na hakuna siku iliyopita bila yeye na shemeji kubishana juu ya chuma. Mmoja anasema kitakatika, mwingine anasema hakitakatika. Dada akiwapelekea chai aliweka birika katikati yao na kusema, "Haya, nyie wake wenza, kunyweni." Mtoto wake wa pekee na shemeji alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo kelele za nyumba yake alizifuata gerejini.

Kisha dada akaanza kuvimba miguu. Tukadhani ni kusimama sana. Tulipoenda kupima tukaambiwa ni figo, zote mbili, na kwamba tangu siku ile damu yake itasafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki mpaka mwisho. Mashine yenyewe iko hospitali ya ng'ambo ya mlima. Huku kwetu lami inaishia kwenye tanuri la matofali, kutoka hapo ni mawe, korongo moja, mlima wenyewe, ndipo unateremka ukakuta mji. Gari dogo haliwezi hata kulifikia korongo. Basi linazunguka kwa chini siku nzima, na dada humo hapati siti. Kuhamia ng'ambo tulijaribu. Chumba tulichopata kilikuwa ghorofani, ngazi zikamshinda, na shemeji huko hakuwa na hata mteja wa kuziba pancha. Wakarudi.

Na ugonjwa ule hauji peke yake. Figo zikilala, mifupa nayo inaoza polepole, ndivyo alivyotueleza daktari. Dada akawa ukimshika mkono kwa nguvu anakunja uso. Ukimgusa mgongo anatoa mguno ambao sikuupenda kabisa.

Nyuma ya tanuri la matofali kulikuwa na gari kuukuu la porini, la magurudumu makubwa na mwili wa bati nene, halina injini, kuku walikuwa wanataga humo. Shemeji akaliomba. Akatafuta injini kwenye gari jingine dogo la mizigo lililobondwa nyuma, akaiosha, akaipandisha kwa jeki na minyororo mpaka ikakaa. Ilikuwa kama kumvisha mtu mrefu kanzu ya mtu mfupi, lakini ikakaa. Chini ilishikwa na mauntingi mbili, kulia na kushoto, yale makalio ya chuma na raba yanayobeba uzito wa injini, na nyuma ilishikwa kwenye gia. Juu kichwani ilikuwa na vitundu vitatu vitupu.

Miwani akaja akainama, akagusa vile vitundu kwa kidole.

"Na hapa?"

"Hapo ilikuwa na mkono wa juu, kwenye gari lake la zamani. Huku hakuna pa kuufunga," shemeji akasema.

"Utatengenezwa."

"Wa nini? Uzito uko chini, na chini imeshikwa. Nyuma imeshikwa. Itakwenda wapi?"

"Mkono wa juu haubebi uzito, bwana we. Unaizuia injini isijipinde ukikanyaga mafuta. Huko unakokwenda ni mlimani. Hii inataka kushikwa kichwa."

"Woga," shemeji akasema, akanikonyeza.

Nilicheka. Sote tulicheka, kwa kuwa gari liliwaka, na kwa mara ya kwanza tangu tuambiwe habari ya figo, dada alikuwa na njia ya kuvuka mlima. Nikamshonea mto wa kukalia, sponji ya godoro mara tatu, nikauzungushia mshono mara mbili kwa hasira za kumkomoa shemeji. Dada akaupanda, akakaa kama bibi harusi, akasema twende.

Msimu mzima wa kiangazi lilikwenda na kurudi. Mimi nilikuwa naenda naye siku zote, nikiwa nyuma namshikilia. Na nisiseme uongo, lilikwenda vizuri. Injini ilikuwa inacheza huko mbele, unaisikia ikijitingisha kila gia inapoingia, lakini kucheza kwake kulibaki hukohuko. Ndani tulikuwa kimya. Dada alikuwa anasinzia.

Siku moja shemeji alifungua boneti akakuta mikwaruzo mipya kwenye rejeta, lile tangi la kupozea maji ya injini, mahali ambapo feni haitakiwi kufika. Maana yake injini ilikuwa inarukia mbele. Halafu alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa gari la mtu yeyote. Alivuka uwanja, akaenda kwa Miwani akasema, "Nichomelee huo mkono wako."

Miwani hakumcheka, hilo namsifu. Walikata bamba nene, wakalikunja, wakatoboa vitundu vitatu upande mmoja na kimoja upande wa pili, wakachomelea mguu wake kwenye bodi. Kilichokosekana kilikuwa bushi, ile raba laini inayokaa katikati ili chuma kisipigane na chuma. Walizunguka maduka yote ya spea. Injini ilikuwa ya zamani mno, wauzaji walikuwa wanaitikia "haipo" hata kabla ya kuitazama vizuri. Mwisho wakachonga raba ya tairi, wakaifunga.

Injini ikatulia. Ungeweza kuweka glasi ya maji juu yake. Lakini ule mtikisiko haukufa, ulihama. Kutoka kwenye kichwa cha injini ulipita kwenye mkono, ukaingia kwenye bati, ukashuka sakafuni, ukapanda kwenye kiti. Hata gari likiwa limesimama tu, kiti kilikuwa kinatetemeka kama cherehani bovu. Mimi niliona ni usumbufu. Dada siku ile aliuma kanga yake kutoka kwenye tanuri mpaka hospitali, na tuliporudi hakuweza kuinua mikono kuvua nguo.

"Ni kama jino linauma," aliniambia, "ila jino lenyewe ni mwili mzima."

Jioni hiyohiyo shemeji akaufungua mkono, akauweka chini ya kiti cha dada pamoja na bolti zake. Tangu hapo alikuwa mtu wa raba. Alijaribu ndala, alijaribu ngozi ya mkanda, alijaribu kipande cha sponji yangu ya godoro. Akiweka laini, korongo linaisaga safari ya kwanza tu. Akiweka ngumu, dada analia. Kila mara anaufunga, anamkalisha dada, anawasha na kumtazama usoni. Dada akikunja uso, anazima. Sijui aliufunga na kuufungua mara ngapi. Kati ya laini na ngumu kulikuwa na kitu alichokuwa anakitafuta, na hakukipata.

"Shemeji," nilimwambia tukiwa njiani, "kifaa cha kukaa juu ya injini wewe umekiweka chini ya makalio ya mkeo."

Dada alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniomba nisimchekeshe tena, zinauma.

Mvua zikaja. Korongo likajaa, tukakosa safari moja. Mtu mwenye figo nzima hawezi kujua maana ya kukosa safari moja. Maji aliyokuwa anakunywa hayakuwa na pa kutokea, yakawa yanampanda. Uso ulivimba, akawa analala ameketi, akiongea anapumzika katikati ya sentensi. Nesi wa mashine alitupigia simu akasema, "Safari hii msikose. Mkija kabla ya mchana nitamweka mbele ya wote. Nimesema msikose."

Korongo liliposhuka tulianza safari alfajiri. Mawe yalikuwa yamehama, njia haikuwa ile tunayoijua. Tukavuka. Tukaanza mlima. Kwenye kona ya pili matope yalikuwa mengi, magurudumu yakateleza, shemeji akakanyaga mafuta kwa nguvu. Niliiona injini ikiinuka. Boneti yenyewe ilisukumwa juu. Ukafuata mlio wa chuma kinachokata chuma, mvuke ukatufunika, na gari likasimama.

Raba ya mauntingi ya kushoto ilikuwa imechanika. Injini ilirukia mbele, feni ikala rejeta.

Shemeji hakupoteza muda, nakiri. Alinyoosha feni kwa nyundo. Akaziba matundu ya rejeta kwa kipande cha sabuni ya mche, akaijaza maji ya dimbwini. Raba iliyochanika hakuwa na dawa yake. Sote tulijua kilichobaki. Akaja upande wa dada, akapiga goti kwenye matope, akautoa mkono chini ya kiti.

Ulichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Alipowasha, injini ilisimama imara, na kile kiti kikaanza.

"Mwenzangu," shemeji alimwambia, "tukienda hivi tutafika mapema. Utaweza?"

Dada alimeza pumzi kwanza. "Nitapiga kelele. Wewe... usinisikilize. Endesha tu."

Akaendesha. Na dada akapiga kelele kama alivyosema. Nimezaa, nimezalisha, nimekaa na wagonjwa, sijawahi kusikia sauti ile. Nilimkumbatia, nikauona ule mtikisiko ukitoka kwenye kiti na kupita ndani yake kuja kwangu. Gari lilikuwa linapanda vizuri, hilo ndilo lililokuwa linaniuma, lilikuwa linapanda kama halijawahi kuharibika. Tulifika kona ya tatu. Tukaipita ya nne. Mbele kidogo shemeji akakanyaga breki.

"Endesha!" nilimpigia ukelele.

Alishuka. Akafungua mlango wetu, akamtazama dada, na dada alikuwa hamwoni, macho yamegeuka.

"Siwezi, shemeji."

"Nani amekuuliza unaweza nini? Amekwambia uendeshe! Panda uendeshe!"

Kama ningekuwa najua kuendesha ningemwacha palepale mlimani. Naisema wazi, nilimchukia. Spana ilimponyoka mara mbili. Akaufungua mkono wa juu, akaurudisha chini ya kiti. Injini akaifunga kwa kamba ya kuvutia magari, akaipitisha chini na kuizungusha, na tukaendelea mwendo wa mtu anayetembea. Kamba ilikuwa inalegea. Kila ilipolegea alishuka, akaikaza, akapanda. Ndani kukawa kimya. Dada akalala begani kwangu, na sikujua ni usingizi au ni kitu gani.

Tulifika jioni. Mashine zote zilikuwa na watu, na ya kwanza kuachiwa ilikuwa ya kesho asubuhi. Walimwekea hewa, walimdunga sindano, walifanya walichoweza. Hakufika asubuhi.

Nesi alikuwa binti mdogo, alilia pamoja nasi. Akasema, bila ubaya wowote, "Mngefika mchana tu. Tungemwahi." Shemeji alikuwa amesimama na kofia mkononi. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyoitikia mteja anapomweleza gari lake linasumbua wapi.

Siku hizi ukimpelekea gari, atakurudishia likiwa na bolti zaidi ya ulizokuja nazo. Wateja wanalalamika, kazi ya siku moja anaifanya wiki. Hakuna anayethubutu kumwita lile jina. Mimi na yeye hatutaniani tena. Si kwamba tumegombana. Utani wenyewe ulikuwa unapita kwa dada, na sasa hauna pa kupita. Nikimpelekea chai naiweka katikati yake na Miwani, wananywa, hakuna anayebisha kitu.

Lakini nilitaka kusema habari ya kurudi.

Walitukabidhi dada asubuhi, amefungwa shuka la hospitali. Gari la kukodi lisingevuka korongo, basi lisingembeba. Tulikuwa na lile letu tu. Tukamlaza nyuma, nikakaa sakafuni kando yake, mto wangu wa sponji nikauweka chini ya kichwa chake. Nikamsubiri shemeji awashe.

Akaja upande wetu. Akapitisha mkono chini ya kiti, taratibu, bila kugusa shuka, akautoa ule mkono wa chuma. Nikamsikia anafungua boneti.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

Nilishuka, nikamkuta anafunga bolti ya kwanza. Akafunga ya pili, na ya tatu. Vipande vyake vya raba vyote, vya tairi, vya ndala, vya mkanda, vilikuwa kwenye kopo kando ya betri. Hakuchukua hata kimoja. Aliweka chuma juu ya chuma, akakaza kwa uzito wa mwili wake wote mpaka spana ikalia.

"Sasa hausikii," akasema.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikarudi sakafuni nikakaa.

Lile gari lilipanda mlima siku ile kama limetumwa. Halikuteleza, halikuruka, halikuchemsha. Meno yangu yaligongana njia nzima, magoti yakafa ganzi, na mfupa wa mgongo ukaanza kuniuma kwa ndani, mahali ambapo huwezi kupakaza dawa. Mimi ni mzima, na kabla hatujafika kileleni nilikuwa nataka kupiga kelele. Nikaweka mkono juu ya shuka. Alikuwa anatetemeka, dada yangu, mwili wote, kuanzia miguu mpaka kichwa, na alikuwa kimya.

Hakuna aliyetutegemea saa ile. Tulipofika nyumbani Miwani alitoka mbio, miwani ameishika mkononi, akasema, "Mbona mmewahi?" Wanaume waliokwenda kuchimba walikuwa ndiyo kwanza wameanza, kaburi halijafika hata magotini mwao.

Shemeji akazima injini. Mtikisiko ukaisha, shuka likatulia. Tukakaa ndani ya gari na dada, tukawangoja wamalize.